Nani Amekosea?

Siku ya mnada Katesh haina adabu. Vumbi linaingia kwenye chai, mbuzi wanapita katikati ya watu wanaojaribu viatu, na muuza mitumba anapiga kelele utadhani mji mzima ni kiziwi. Letisia Bura alikuwa amesimama ndani ya vurugu hiyo, amevaa trakisuti ya bluu iliyopauka magotini na kitambaa cha njano kichwani, akimkazia macho mzee aliyepanga bakora juu ya turubai.

"Nazichukua zote, mzee wangu."

Mzee akamtazama kuanzia juu mpaka chini. "Zote? Binti, kwenu kuna wazee wangapi?"

"Hakuna hata mmoja. Nataka zile zenye kichwa kilichopinda. Zilizonyooka baki nazo."

Akaokota bakora moja, akaigeuza kichwa chini, akaishika pale ambapo ingegusa ardhi, akatoa mpira wa tenisi mfukoni na kuuweka vumbini. Alitaka kujaribu tu. Lakini mkono wa Letisia haukujua kujaribu. Mpira uliteleza kati ya miguu ya watu, ukagonga jiwe, ukaruka, ukatua ndani ya bakuli la supu la kijana aliyekuwa amechuchumaa kando ya jiko la nyama.

Supu ikamrukia mpaka kwenye nyusi. Kijana akasimama, na kusimama kwake kulichukua muda maana alikuwa mrefu kweli: jinzi, raba nyeupe, na juu yake shuka jeusi lenye mistari ya zambarau lililofungwa begani. Letisia akajiandaa kutukanwa. Kijana hakutukana. Alitazama bakora mkononi mwa Letisia, akatazama rundo ambalo wasichana wawili waliokuja naye walikuwa wakilifunga kamba, na uso wake ukabadilika.

"Samahani, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Nani amekosea?"

"Mimi. Nimekumwagia supu, pole sana."

"Siulizi supu. Nauliza ni mwanaume gani. Baba yangu mdogo yuko pale anauza ng'ombe. Kama ni yeye, niambie nikamwambie akimbie."

Letisia hakuelewa. Kijana akajifuta uso kwa pindo la shuka, akamweleza taratibu. Kwao Balangdalalu, kwa Wabarabaig, mwanaume akimkosea mwanamke, wanawake hawaendi kulia kwa mwenyekiti. Wanashika fimbo, wanajipanga mstari mmoja, wanakwenda kukaa chini karibu na boma lake na kujadiliana. Mpaka wanainuka hapo, bwana ameshatoa dume la ng'ombe kuwa faini.

"Dume jeusi," aliongeza. "Sasa wewe unanunua fimbo za mnada mzima. Mimi nifikirie nini?"

Letisia alicheka mpaka kitambaa kikamdondoka. "Ni za mpira wa magongo. Tuna klabu chuoni."

"Kwa hiyo wanawake wanakimbizana na fimbo, na hakuna aliyekosea?"

"Hakuna."

"Basi huo mchezo ni wa hatari kuliko nilivyofikiri." Akauchovya mkono kwenye bakuli, akautoa mpira, akaukung'uta na kumpa kwa mikono miwili kama anayemkabidhi mtu mtoto. "Naitwa Gidahosh. Niko mwaka wa mwisho, mifugo. Nilikuwa mafunzo kwa vitendo, nimerudi juzi. Supu yangu utainunua lini?"

Aliinunua hapohapo, na akajinunulia na ya kwake. Bakora zilifika chuoni juu ya bodaboda, lakini Letisia alifika jioni, kwa miguu, akiwa na namba ya simu aliyoiandika kwa jina la Mchungaji. Glory, golikipa wake aliyelala naye chumba kimoja, alipoliona jina hilo likiita kila siku alifurahi kwamba rafiki yake amekuwa mtu wa maombi.

*

Ngoja niieleze klabu hiyo ilivyoanza, kwa sababu baadaye wapo watu wazima, wenye tai shingoni, waliojifanya kusahau.

Letisia alitokea Dongobesh, upande wa Mbulu, na huko sekondari alifundishwa mchezo huo na mtawa mmoja aliyependa kukimbia. Alipofika chuoni Katesh (jina la chuo silitaji, hasira yangu bado haijatulia) aliomba uwanja. Akaambiwa uwanja wa juu ni wa wavulana na soka lao, wa chini ule pale, kama anauweza auchukue. Uwanja wa chini! Wakati lile tope la mlima Hanang liliposhuka na kuyafukia makazi ya Jorodom, sehemu yake ilitambaa mpaka pale, ikaganda na mawe na mizizi ndani yake. Chuo kiliahidi greda. Greda halikuja. Wasichana ndio waliokuja, na majembe ya kuazima, kila jioni baada ya vipindi, kiangazi kizima. Glory alikuwa wa Jorodom. Nyumba yao ilikwenda na tope lile, na siku za kuchimba aliinama tu na kuchimba. Wavulana walipita juu na mpira wao wa miguu wakiuliza kama wanapanda viazi.

Walipoufikia udongo wa zamani walikaa chini wote wakalia, halafu wakachora mistari kwa majivu. Bakora zikawa magongo. Vipande vya godoro vilivyofungwa kwenye miguu ya Glory vikawa vifaa vya golikipa.

Gidahosh alianza kuja jioni kutazama. Hakuujua mchezo lakini alijua miti, basi bakora iliyopasuka aliondoka nayo na kesho ikarudi imefungwa ngozi mbichi iliyokaukia palepale, ngumu kuliko ya mwanzo. Letisia alimwita Mchungaji, yeye akamwita Nahodha, na hakuna aliyewahi kusikia maneno hayo mawili yakitamkwa kwa utamu ule.

"Umekula, Nahodha?" simu iliuliza.

"Nimekula ugali na maharage ya chuo. Hayo nayo ni kula?"

"Njoo nje ya geti. Nimeleta maziwa ya mgando."

"Mchungaji, utaninenepesha nishindwe kukimbia."

"Ndiyo shabaha yangu. Ukishindwa kukimbia nitakukamata."

Jumamosi moja aliwachukua wasichana wote kwenye gari la mizigo la mjomba wake, akawapeleka ziwa Balangida. Maji yalikuwa yamekauka, na chumvi ilikuwa imelala chini nyeupe, ngumu, bapa, mpaka mwisho wa macho. Wachimba chumvi waliacha kazi wakatazama. Juu ya chumvi ile mpira ulikwenda kasi ambayo hawakuwahi kuiona, ukigusa tu unapotea, na ilibidi wajifunze upya kuinama na kuupokea. Walirudi mara kwa mara. Walipokwenda kucheza na chuo kimoja cha Babati, chenye magongo ya dukani na soksi zinazofanana, wenyeji wakacheka bakora zao, halafu wakaacha kucheka. Letisia alifunga, akafunga tena. Wasichana wa Katesh walirudi na kikombe ndani ya kiroba cha sembe, wakiimba njia nzima.

Jioni ile, juu ya jiwe kubwa ambalo hawakuweza kulitoa uwanjani, Gidahosh alimshika mkono.

"Nakupenda, Letisia. Sisemi kwa utani."

"Hujaniita Nahodha leo."

"Nahodha ni wa wote. Letisia nataka awe wangu."

Letisia akasogea karibu. Alimwegemea tu begani, kwenye shuka lenye harufu ya moshi na sabuni, akawa na furaha isiyo na doa. Nyumbani mama yake hakuifurahia habari hiyo. "Mmang'ati?" aliuliza kwenye simu. "Letisia! Wanaume wote wa Mbulu wameisha?" Letisia akamjibu kwamba jina hilo wenyewe hawalipendi, waitwe Wabarabaig, na kwamba anampenda. Mama akakata simu kwa kisingizio cha salio.

*

Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja, na Letisia alikitaka kama mtu anavyotaka maji: klabu iwe timu rasmi ya chuo. Klabu ni watu wanaopenda kitu. Timu ya chuo ina basi, ina jezi, ina ruhusa ya kukosa kipindi, na zaidi ya yote inakwenda Arusha kwenye mashindano ya vyuo. Alikwenda ofisini kwa mlezi wa wanafunzi, Mwalimu Xavery, akaenda tena, akaenda tena. Mwalimu Xavery alikuwa mtu wa tai nyekundu na tabasamu la kudumu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Letisia. Bado ni vijiti?"

"Ni magongo, mwalimu. Na tumechukua kikombe."

"Hongereni sana. Lakini klabu ni klabu, binti yangu. Timu ya chuo ni jambo zito, linahitaji mtu wa kulisimamia."

"Mimi nalisimamia."

"Tutaliangalia," alisema, na tabasamu halikusogea.

Jumatatu asubuhi wanafunzi wote walikusanyika mbele ya jengo la utawala. Kulikuwa na ubaridi, na wasichana wa klabu walisimama pamoja wamevaa masweta, wanashikana mikono, kwa sababu zilikuwa zimevuma habari njema. Mwalimu Xavery akashika spika. Alisema chuo kinapiga hatua. Alisema mpira wa magongo kuanzia leo ni mchezo rasmi, na timu itakwenda Arusha. Glory akapiga kelele ya furaha. Letisia alifumba macho.

"Tunampongeza," spika iliendelea, "kijana wetu wa mwaka wa mwisho, aliyeuanzisha mchezo huu kwa moyo wa kujitolea na ambaye sasa ndiye kocha. Gidahosh, inua mkono wakuone! Timu ya wavulana itaanza mazoezi uwanja wa chini leo jioni. Na dada zetu hatujawasahau. Wao watakuwa kikundi cha hamasa. Watatushangilia!"

Watu walipiga makofi. Walipiga makofi! Letisia alifumbua macho na kumwona Gidahosh upande wa pili, mkono wake umeinuka nusu, haupandi wala haushuki.

Alimfuata mpaka nyuma ya bwalo.

"Niambie hukujua."

"Letisia, nisikilize. Wavulana sikujua. Naapa, hilo nimelisikia leo kama wewe."

"Na jina? La mwanzilishi?"

Gidahosh akatazama raba zake. "Aliniita wiki iliyopita. Alisema likiwekwa jina la mwanaume mambo yatapita haraka. Nikaona bora yapite. Nilifikiri ni karatasi tu, uwanjani wote wanajua ni wewe."

"Wiki nzima! Wiki nzima umenipigia simu unaniuliza nimekula, na jina langu umeshalifuta?"

"Sikulifuta, nilitaka upate unachokitaka."

"Nilichokitaka kilikuwa kinasemwa leo kwenye spika! Ndicho hichohicho! Wewe umeinua mkono ukakipokea." Machozi yalimjia na alichukia kwamba yamemjia. "Yule mwalimu simlaumu, yule hanijui. Wewe ulikuwa unaona tukichubuka mikono. Ulikuwa unatufungia magongo. Wewe unanijua, Gidahosh."

"Nahodha..."

"Usiniite hivyo. Nahodha ni nani? Mimi ni wa kushangilia."

Akaondoka. Jioni alilizuia jina la Mchungaji kwenye simu, na Glory, aliyekuwa ameshaelewa mchungaji huyo anachunga nini, alimkumbatia bila kuuliza.

*

Wavulana walishuka uwanja wa chini na kukuta hakuna magongo. Yalikuwa chini ya vitanda vya bweni la wasichana. Mwalimu Xavery alituma ujumbe yaletwe, kwa kuwa sasa ni mali ya chuo. Mali ya chuo! Bakora alizozinunua Letisia mwenyewe mnadani mbele ya mbuzi! Hayakuletwa. Akamwita ofisini, na safari hii tabasamu lilikuwa limepungua.

"Ijumaa, binti. Yasipofika mbele yangu Ijumaa, utarudi nyumbani na barua ya kusimamishwa masomo. Na wenzako watakufuata."

"Mwalimu, ule uwanja tuliufukua sisi."

"Na tunawashukuru sana."

Letisia akatoka. Kule Dongobesh mama yake alikuwa ameuza mahindi na maksai wa kulimia ili yeye asome. Angerudi akasema nini? Kwamba amefukuzwa kwa ajili ya bakora? Aliwaambia wenzake kwamba anayetaka kurudisha gongo lake arudishe, hatamlaumu. Doris, winga wao, msichana asiyesema sana, akalitoa gongo lake uvunguni, akalitazama, akalirudisha uvunguni.

"Mimi sishangilii mtu," alisema.

Gidahosh hakuonekana. Walisema amepanda pikipiki kwenda kwao siku ileile ya Jumatatu. Letisia alisema vizuri. Akasema tena vizuri, usiku na mchana, na kila aliposema moyo ulimuuma upya. Mwanaume ameharibu, kisha amekwenda kunywa maziwa kwa mama yake. Ndivyo walivyo, alijiambia, na alikasirika zaidi kwa kuwa hakuliamini neno hilo hata mwenyewe.

Ijumaa wasichana waliyatoa magongo. Hawakuyapeleka ofisini. Waliyabeba mabegani, wakajipanga mstari mmoja nyuma ya Letisia, wakashuka uwanja wa chini na kusimama katikati. Kama ni kufukuzwa, wafukuziwe pale. Vipindi vikasimama, wanafunzi wakamwagika kuzunguka uwanja, na Mwalimu Xavery akaja na spika yake ya mkononi, tai imepeperukia begani.

"Wekeni hivyo vitu chini!"

Hapo ndipo geti lilipofunguka.

Waliingia mmoja nyuma ya mwingine, wanawake watu wazima, wamevaa magauni ya ngozi yenye shanga kwenye pindo na bangili za shaba zilizojaa mikononi. Kila mmoja alishika fimbo. Hawakuharakisha wala kupiga kelele, na bangili ndizo zilizosikika. Mlinzi, mzee Hhando, alikuwa amelishikilia geti wazi na kofia yake ameivua.

"Hhando!" Mwalimu Xavery alipaza sauti. "Hao ni akina nani? Wazuie!"

"Mwalimu, mimi niliajiriwa kuzuia wezi. Hawa hawazuiliwi."

Mwisho wa mstari alikuja Gidahosh. Hakuwa na raba wala jinzi, shuka tu. Mkononi alishika kamba, na mwisho wa kamba lilikuwepo dume jeusi, jeusi tii, lililonona, linalotembea kana kwamba uwanja ni wake.

Letisia akatoka kwenye mstari. Akapiga hatua mbele, gongo begani, na mbele ya chuo kizima akamuuliza alichoulizwa yeye siku ya mnada.

"Nani amekosea?"

"Mimi," Gidahosh alijibu, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wapishi mlangoni mwa bwalo. "Mimi nimekosea. Mchezo huu aliuanzisha Letisia Bura. Uwanja huu waliufukua hawa wasichana. Mimi nilipewa sifa isiyo yangu nikainua mkono nikaipokea. Nilikwenda kumwambia mama yangu. Hakuna aliyenilazimisha kumwambia."

Wanawake walikuwa wameshaketi, katikati kabisa, juu ya mstari wa majivu. Mwanamke mmoja mrefu kama Gidahosh, uso uleule, hakuketi. Alimwendea Letisia, akamtazama mikono, akaigeuza viganja juu, akaona sugu za majembe. Akasema maneno kwa lugha yao.

"Mama anauliza mama yako yuko wapi," Gidahosh alitafsiri.

"Shikamoo, mama. Yuko Dongobesh."

"Anasema ni mbali. Basi leo mama yako ni yeye."

Kisha mama Gidahosh akamgeukia mwanawe na kusema kwa muda mrefu, akimwelekezea fimbo, na wanawake waliokaa wakaitikia. Gidahosh aliinamisha kichwa.

"Anasema nimekosa," alitafsiri.

"Amesema mengi kuliko hayo," Letisia alisema. "Tafsiri yote."

Gidahosh akainua kichwa. "Anasema hakuzaa mwizi. Anasema mwizi wa ng'ombe ni afadhali, ng'ombe hurudishwa akiwa na jina lake. Anasema nilimfanya mwanamke achimbe halafu nikasimama juu ya shimo lake nionekane mrefu." Akamtazama mama yake. "Anasema mimi ni mrefu vya kutosha."

Kicheko kilizunguka uwanja, na Letisia alijikuta anauma midomo asicheke pia. Mama Gidahosh hakucheka. Alikuwa amemgeukia mwenye tai.

"Mwalimu, mama anakuuliza wewe. Nani aliufukua uwanja huu?"

Mwalimu Xavery alifungua mdomo. Tabasamu lilijaribu kupanda likashindwa. "Suala hili tutaliangalia kwenye kikao," alisema.

Ikatafsiriwa. Mama Gidahosh akaitikia kwa kichwa, akaenda, akaketi na wenzake, wakaanza kuzungumza wao kwa wao, polepole, kama watu ambao hawana pa kwenda. Jua lilipanda. Wasichana wa klabu wakatazamana, kisha Glory akakaa chini, Doris akakaa, wakakaa wote. Hakuna aliyekwenda kula. Dume lilijilisha nyasi za golini. Mkuu wa chuo alikuwa kikaoni Babati, akapigiwa simu, akapigiwa tena, na waliosimama karibu walimsikia akiuliza kwa ukali, "Xavery, umewafanya nini watoto wa watu?"

Jua lilikuwa limeshaanza kushuka spika ilipokohoa.

"Tangazo. Timu rasmi ya chuo ya mpira wa magongo ni timu ya wasichana. Ndiyo itakayokwenda Arusha. Mwanzilishi na nahodha ni Letisia... Letisia Bura."

"Hatujasikia!" Glory alipiga kelele.

Walisikia. Hata mlima ulisikia. Lakini akarudia, na safari hii Letisia hakufumba macho. Alilitazama jina lake likitoka kwenye chombo kilekile lilikokataliwa, na hakuona aibu kulia.

Wanawake wakainuka wakikung'uta majivu. Mwalimu Xavery, jasho limelowesha shati, akamsogelea Gidahosh na kumnong'oneza akiuliza kama yameisha. Gidahosh akamuuliza mama yake, mama akajibu kwa maneno machache bila kugeuka.

"Anasema wewe bado wanakujadili, mwalimu."

*

Dume lilichinjwa jioni ileile nyuma ya bwalo, na nyama ikaliwa na wanawake na wasichana tu, kama inavyotakiwa. Wavulana wa timu ile ya siku tano walisimama mbali wakinusa moshi. Gidahosh naye hakuwa na haki ya kuonja faini yake. Letisia alimkuta ameketi peke yake juu ya jiwe lao.

"Hilo dume lilikuwa la nani?"

"Langu. La kwanza nililopewa na baba nikiwa mdogo."

Letisia akaketi kando yake. "Lilikuwa zuri."

"Lilikuwa zuri sana," alisema, na machozi yalimlengalenga. "Letisia, sikulileta ili unirudie. Nililileta kwa sababu nilikosa. Kama hutaki kuniona, nitaelewa."

"Wanawake wameipokea faini yako. Mimi yangu bado."

"Sema."

"Utaokota mipira. Kila jioni, mpaka tuende Arusha. Na hutasema neno uwanjani mpaka uulizwe."

"Nitaokota." Kisha taratibu, "Na baada ya Arusha? Nataka kuja Dongobesh, Letisia. Na wazee wangu, kwa heshima. Nataka kukuoa. Utanikubali?"

Kabla hajajibu, simu ikaita. Ilikuwa mama. Letisia aliipokea na kuiweka sauti ya nje, mikono yake ikiwa na mafuta ya nyama.

"Letisia! Habari zimefika mpaka huku mnadani. Eti yule Mma... yule Mbarabaig amekupelekea ng'ombe! Ng'ombe mmoja? Ndiyo mahari hiyo? Wanatudharau?"

"Siyo mahari, mama. Ni faini."

Sauti ya mama ikashuka. "Amekukosea?"

"Alinikosea. Amekiri mbele ya chuo kizima, na amelipa."

"Mwenyewe? Bila kukamatwa?"

"Mwenyewe, mama."

Mama akavuta pumzi ndefu. Baba yake Letisia hakuwahi kukiri kosa hata lile la kuuza shamba, na wote wawili walilijua hilo. "Yuko hapo?" aliuliza hatimaye. "Mpe simu."

"Shikamoo, mama," Gidahosh alisema akisimama wima kana kwamba anaonekana.

"Marahaba. Haya, kijana. Huko Dongobesh mnakuja lini?"

Gidahosh alifungua mdomo. Siku alikuwa nayo, alishaipanga kichwani na wazee wake tangu Balangdalalu. Akamtazama Letisia, akaufunga mdomo, akamrudishia simu kwa mikono miwili.

"Hilo, mama," alisema, "atasema nahodha."